Sirari na Isebania: unalinganishaje jamii mbili bila kuishia kwenye "wao" na "sisi"?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sosholojia, mwaka wa tatu. Kwetu ni Sirari, mpakani, na shangazi zangu wameolewa Isebania, upande wa Kenya. Sote ni Wakurya. Lakini uchaguzi ukikaribia, kwa shangazi ni habari za makabila kutwa nzima, na huku kwetu huwezi kusikia maneno hayo. Nataka tasnifu yangu ilinganishe jamii ya Kenya na ya Tanzania juu ya ukabila. Msimamizi ameirudisha, anasema mada ni pana na nchi hizi hazilinganishiki. Mimi naona jibu liko wazi: sisi tulikuwa na Nyerere, wao hawakuwa naye. Tatizo liko wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mada ni pana kweli, hapo msimamizi wako ana haki. Kwamba nchi hizi hazilinganishiki, hapo simfuati. Umezaliwa mahali ambapo mtafiti wa kutoka mbali angelipa nauli na miaka kupata fursa ya kupachunguza: kabila moja, koo zile zile, na serikali mbili. Ulichokosa ni swali.

"Jamii ya Kenya" na "jamii ya Tanzania" ukiziweka mezani nzima nzima, kila kitu kinatofautiana kwa wakati mmoja. Ardhi na walowezi, katiba, vyama, shule, lugha, ukubwa wa makabila, hata mahali mji mkuu ulipo. Tofauti zikiwa kumi na jambo la kuelezwa likiwa moja, mtu anaweza kuokota tofauti yoyote anayoipenda na kuiita sababu. Wewe umeokota Nyerere. Huenda ni kweli, lakini hapo hujathibitisha chochote, umechagua tu.

Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliandika mwaka 1895 kwamba sosholojia linganishi si tawi la sosholojia, ni sosholojia yenyewe. Alimaanisha kwamba hatuwezi kuifungia jamii maabara, tukamwondolea mtu katiba yake au shule aliyosoma ili tuone atakuwaje. Tunachoweza ni kutafuta mahali ambapo historia imeshafanya hivyo kwa niaba yetu. Kwako historia ilifanya kazi hiyo mwaka 1886, pale Waingereza na Wajerumani walipokubaliana mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria. Wakurya, Wamasai na Wajaluo wakajikuta pande mbili bila kuulizwa.

Sasa tuipe hoja yako ya Nyerere nafasi yake kamili, kwa sababu ina watetezi wenye ushahidi. Mwaka 2004 mwanauchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili: Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa Shinyanga na leo iko Simiyu. Zote ni za vijijini, zote haziko mbali sana na Ziwa, na zote zina mchanganyiko wa makabila. Aliangalia kitu kidogo unachoweza kukishika: michango ya wazazi kwa shule ya msingi, madawati, madarasa. Huko Busia, kadiri eneo lilivyokuwa na mchanganyiko zaidi wa makabila, ndivyo michango ilivyopungua. Huko Meatu uhusiano huo haukuonekana. Maelezo yake yanafanana na yako: Tanzania ilifuta machifu mwaka 1963, ikasukuma Kiswahili na mtaala wa kitaifa shuleni, ikagawa rasilimali bila kuegemea kabila la mtawala, Kenya haikufuata njia hiyo.

Napenda utafiti huu, na kinachonivutia zaidi ni jinsi sababu inavyofuatiliwa hadi mlangoni kwa mzazi. Miguel na mwenzake Mary Kay Gugerty walisoma kumbukumbu za vikao vya kamati za shule huko Kenya. Fikiria daftari la muhtasari wa kikao: nani hajalipa, jina lake lilitajwa mbele ya wazazi au halikutajwa, mwenyekiti aliagiza nini. Katika maeneo yenye makabila mengi, kamati zilikuwa nzito zaidi kuwabana wasiolipa. Si kwamba watu walichukiana. Kumsema hadharani mtu usiyekutana naye kanisani, sokoni wala msibani ni kazi ngumu kuliko kumsema jirani wa ukoo. Ukiweza kuonyesha mambo hayo kwenye daftari la kikao, hulazimiki tena kusema "utamaduni wao". Na nakuomba sana, maneno "utamaduni wao" yasionekane kwenye tasnifu yako kama sababu. Utamaduni ndio unaotakiwa uelezwe.

Lakini kuna maelezo mengine, na hapo ndipo barua yako inakuwa na kazi ya kufanya. Mwaka huo huo wa 2004 mwanasayansi wa siasa Daniel Posner alichapisha utafiti wa Wachewa na Watumbuka, makabila mawili yaliyokatwa na mpaka wa Malawi na Zambia. Alichagua vijiji vilivyo jirani kabisa, vya kila kabila, kila upande wa mpaka. Lugha zile zile, mila zile zile. Upande wa Malawi watu walikuwa wakali: wengi hawakuwa tayari kumpigia kura mgombea wa kabila la pili, wala kuoa huko. Upande wa Zambia walijiona ndugu wa mashariki. Zambia haikuwa na Nyerere wa kuwaunganisha Wachewa na Watumbuka peke yao. Posner anasema sababu ni hesabu. Malawi, kila moja ya makabila hayo ni sehemu kubwa ya watu wa nchi, ya kutosha kumbeba mgombea, kwa hiyo wanasiasa hulitumia. Zambia, makabila hayo mawili ni sehemu ndogo tu ya watu wa nchi, na mwanasiasa anayetaka kufika popote hulazimika kuwakusanya pamoja kama watu wa mkoa mmoja.

Ichukue hesabu hiyo uilete kwetu. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Wakikuyu walikuwa kama milioni 8.1, Waluhya milioni 6.8, Wakalenjin milioni 6.4, Wajaluo milioni 5.1, Wakamba milioni 4.7. Makabila matano yanakaribia theluthi mbili ya nchi. Na katiba inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Hakuna kabila linaloweza kushinda peke yake, na karibu kila moja kati ya hayo matano lina thamani kubwa kwenye meza ya mapatano. Tanzania, makabila ni zaidi ya 120. Baada ya sensa ya 1967 hatuulizani tena kabila kwenye sensa, lakini hata Wasukuma, ambao ndio wengi kuliko wote, hawafiki mtu mmoja kati ya watano. Mwanasiasa wa Tanzania akitaka urais kwa kabila lake anahesabu na kuona haimfikishi popote.

Umeona shida iliyopo? Maelezo ya kwanza yanasema: sera za taifa ziliwabadilisha watu. Maelezo ya pili yanasema: hata bila sera hizo, hesabu za makabila zisingemlipa mwanasiasa. Yote mawili yanatabiri kwamba Tanzania itakuwa tulivu kikabila kuliko Kenya. Ukilinganisha nchi kwa nchi hutaweza kuyatenganisha hata ukae maktaba miaka kumi. Na yapo mengine pembeni yake ambayo siyapi uzito sawa, ila usiyapuuze: Wajerumani walikwisha kutumia Kiswahili katika utawala wao kabla Nyerere hajazaliwa, kwa hiyo sehemu ya kazi ya lugha ilirithiwa, na Kenya ilibeba mzigo wa ardhi ya walowezi ambao Tanganyika haikuubeba kwa kiwango kile.

Basi nenda Tarime, wilaya yenu. Umeniandikia kwamba "huku kwetu huwezi kusikia maneno hayo". Kabila, pengine husikii. Lakini wewe ni mtoto wa Tarime, unajua ninachotaka kuuliza: na koo je? Wairegi, Wanyabasi, Wakira, Wagumbe? Mapigano ya koo na wizi wa mifugo ndiyo yaliyolifanya Jeshi la Polisi kuwa na kanda maalumu ya Tarime na Rorya. Mgombea ubunge au udiwani akipita, wazee hawaulizi ni wa ukoo gani? Na koo hizo nne nilizozitaja zina watu wao ng'ambo pia, huko Kuria Magharibi na Kuria Mashariki.

Sasa jaribio lako linaanza kuonekana. Kama hoja ya sera ndiyo yenye nguvu, yaani shule, Kiswahili na siasa za taifa zimewafanya watu wa Sirari wajione tofauti kwa ndani, basi tofauti na Isebania itajitokeza katika kila ngazi. Mtu wa Sirari atapunguza uzito wa asili ya mgombea hata kwenye udiwani. Pia utaona tofauti ya umri: mzee aliyemaliza shule kabla ya Azimio la Arusha la 1967 hatafanana na aliyesoma miaka ya sabini. Kama hoja ya hesabu ndiyo yenye nguvu, utaona kitu kingine kabisa. Kwenye jimbo ambalo karibu wote ni Wakurya, koo zitasemwa pande zote mbili, Sirari na Isebania bila tofauti kubwa. Kwenye kaunti ya Migori, ilimo Isebania, ambako Wajaluo ni wengi na Wakurya ni wachache, Wakurya wa koo zote watakuwa kitu kimoja. Sikiliza jinsi watu wanavyoizungumzia nafasi ya naibu gavana. Na kwenye urais, Isebania watazungumza kabila kwa maana ya nani tuungane naye, wakati Sirari watazungumza chama au mtu.

Huu ndio ulinganisho. Swali moja linalobana, ngazi tatu za uchaguzi, pande mbili za mpaka. Maelezo mawili yamekubali kupimwa, na kila moja linaweza kushindwa. Likishindwa la Nyerere utaliandika hivyo hivyo, hata kama linakuuma. Nami nina heshima kubwa kwa kazi ile ya kujenga taifa, na kwa sababu hiyo hiyo nataka tujue ilifanya nini hasa, tusiipe sifa ya mambo ambayo huenda yangetokea yenyewe.

Tukifika kwenye kupima, hapo ndipo tasnifu nyingi za kulinganisha huanguka, na Durkheim mwenyewe anatupa onyo. Kitabu chake cha 1897 kuhusu kujiua kilionyesha viwango vya juu zaidi kwa Waprotestanti kuliko Wakatoliki, na kikaeleza kwa nguvu ya mshikamano wa kanisa. Wakosoaji wakauliza baadaye: nani aliyeandika vyeti vya vifo? Familia na maofisa katika maeneo ya Kikatoliki walikuwa na sababu nyingi za kuandika ajali. Basi sehemu ya tofauti ile inaweza kuwa ya kalamu, si ya watu. Jiulize hivyo kwa kila namba utakayoikuta kwenye ripoti za nchi mbili.

Nikupe mfano wa kwenu. Dodoso nyingi huanza na kaya: mkuu wa kaya ni nani, mwenzi wake, watoto. Sasa umeingia kwenye boma la mama mzee asiye na mtoto wa kiume, naye ameoa kwa utaratibu wa nyumba ntobhu. Ametoa ng'ombe wa mahari, ana mke kijana, na watoto waliozaliwa humo ni wa nyumba yake. Karani atajaza nini? Akiandika "mkuu wa kaya: mwanamke, mjane" na yule kijana akamwandika "ndugu mwingine" au "mkwe", ndoa halali ya kimila imetoweka kwenye karatasi. Karani wa upande wa pili akijaza kisanduku kingine, wewe ukija mezani utaona tofauti ya "muundo wa familia" kati ya Kenya na Tanzania ambayo haipo kabisa. Boma la mume mwenye wake watatu nalo hivyo hivyo: wanapika vyungu vitatu au kimoja? Kwa kigezo cha kula pamoja, boma moja linaweza kuwa kaya moja upande huu na kaya tatu upande ule, na ghafla ukasikia kwamba kaya zinazoongozwa na wanawake ni nyingi zaidi nchi fulani. Kwa hiyo kabla hujatumia takwimu za taasisi yoyote, soma mwongozo wa makarani wake. Na dodoso lako ulijaribu kwanza kwenye maboma machache, pande zote mbili, ukiwa na mtu anayeongea Kikurya vizuri.

Swali la kabila lenyewe nalo lina mtego. Ukimuuliza mtu Mwanza "wewe kabila gani?" mara nyingi anasubiri utani uanze; mkiwa watani, mazungumzo yameshanoga. Uliza hivyo hivyo Kenya miezi miwili kabla ya uchaguzi, na mtu atajiuliza unamhesabia kura ya nani. Maneno ni yale yale, kinachopimwa ni vitu viwili. Ni afadhali umuulize mambo aliyoyafanya: msiba wa mwisho alichanga wapi, duka la mkopo ni la nani, mwanawe ameoa wapi, alipokosa ada alimwendea nani. Matendo yanalinganishika vizuri kuliko majina ambayo watu hujiita.

Na tarehe, tafadhali, liweke akilini jambo la tarehe. Benn Eifert, Miguel na Posner walichambua mwaka 2010 majibu ya watu zaidi ya 35,000 katika nchi 10 za Afrika, yaliyotokana na uchunguzi wa Afrobarometer, mradi wa kupima maoni ya wananchi wa Afrika. Waligundua kwamba watu hujitambulisha zaidi kwa kabila kadiri uchaguzi wenye ushindani unavyokaribia. Nchi ile ile, swali lile lile, majibu yanabadilika kwa kalenda. Kenya hupiga kura Agosti kila mwaka wa tano: 2017, 2022, kisha 2027. Sisi ni Oktoba: 2015, 2020, 2025. Ukihoji Sirari na Isebania wiki moja, bado hujawahoji wakati mmoja kisiasa, kwa sababu upande mmoja unaweza kuwa karibu na kura na mwingine mbali nayo. Kwa shahada ya kwanza huwezi kungoja chaguzi mbili. Hoji katikati, mbali na kura za pande zote, kisha waombe watu wasimulie uchaguzi uliopita hatua kwa hatua: nani alikuja nyumbani, alisema nini, mlikubaliana nini kama ukoo. Na uandike wazi umbali wa kila mahojiano kutoka kwenye kura.

Msimamizi wako atakuuliza jambo moja zaidi, na ni la haki. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alimuuliza mwanaanthropolojia Edward Tylor, aliyekuwa akilinganisha mila za jamii nyingi duniani: utajuaje kwamba jamii hizi ni mifano inayojitegemea, na si kwamba zimeigana? Sirari na Isebania zinasikilizana redio. Shangazi zako wako kule. Watoto wanavuka kwenda shule, mahindi yanavuka, simu zinavuka, na wapo wanaosemekana kuwa na vitambulisho vya pande zote. Usilifiche hili kwenye ukurasa wa "mapungufu ya utafiti". Lifanye liwe sehemu ya utafiti: chukua pia kijiji kimoja kila upande kilicho ndani, kilomita kadhaa kutoka lami ya mpakani, ambako watu hawavuki kila siku. Kama tofauti ni ya serikali, inapaswa kukua unapoingia ndani. Kama mpakani na ndani ni sawa, una jambo la kueleza.

Wewe mwenyewe pia ni mtu wa ukoo fulani, na huko kila mtu anaujua. Kwenye maboma ya ukoo wenu utapewa chai na siri. Kwenye ukoo mwingine utapewa chai tu. Tafuta msaidizi wa ukoo tofauti na wako, mgawane mahojiano kwa kubadilishana, kisha ulinganishe majibu uliyoyapata wewe na aliyoyapata yeye kwa swali lile lile. Pasipo hivyo utaandika tofauti kati ya Kenya na Tanzania kumbe ni tofauti kati ya kwa mjomba na kwa watu baki.

Kichwa cha tasnifu nakupendekezea hiki, ukiboreshe: "Ukoo, kabila na chama katika chaguzi za ngazi tatu: Wakurya wa Sirari na Isebania." Pendekezo lisizidi kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza uwe na swali pamoja na maelezo mawili yanayoshindana, na chini ya kila moja uandike ungeona nini kama ni la kweli na ungeona nini kama si la kweli. Wahojiwa 40 wanatosha, 10 kila kijiji, wazee na vijana, wanawake nusu. Usiahidi zaidi ya hapo, muda wenyewe huna. Shughulikia vibali mapema. Upande wetu anza na barua ya chuo hadi ofisi ya mkuu wa wilaya, na upande wa Kenya utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia ya Kenya, ambayo huombwa kwa mtandao, kisha ujitambulishe kwa chifu wa eneo kabla ya kugonga boma lolote. Ukimaliza kurasa hizo tatu nitumie nizipitie kabla hujamrudishia msimamizi wako.